Namna ya kukagua rangi ya gari jipya kabla ya kutia sahihi ya kulipokea

Siku ya kukabidhiwa gari jipya, mnunuzi hupewa vitu viwili karibu kwa pamoja: funguo, na karatasi ya kutia sahihi. Macho yake huenda kwenye funguo. Karatasi, ambayo wauzaji wengi huiita hati ya makabidhiano, huwa na maneno machache yanayosema kwamba mpokeaji amelikagua gari na ameridhika na hali yake, na maneno hayo ndiyo atakayosomewa siku atakaporudi kulalamika kwamba mlango wa nyuma una mchirizi wa rangi au kwamba boneti imejaa mikwaruzo. Injini ikifa baada ya mwezi mmoja, muuzaji atatafuta chanzo chake ndani ya injini. Mkwaruzo ukionekana baada ya siku mbili, swali la kwanza utakaloulizwa ni ulikuwa umeliegesha wapi.

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, ambazo zote mbili asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kukagua bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua, kabla ya kuhesabiwa kwamba ameikubali. Nafasi hiyo ni yako na huna haja ya kuiombea radhi, lakini inapungua nguvu sana pale unapokuwa umekwisha kuandika kwa mkono wako kwamba umeridhika. Mimi nililijua hilo kwa hasara. Gari langu la kwanza kutoka kwa wakala nililipokea Ijumaa jioni, mvua ikiwa imetoka kunyesha, chini ya taa za manjano za uani, huku ofisa mauzo akitazama saa yake kwa adabu. Jumapili asubuhi jua lilipolipiga niliona juu ya boneti mawingu ya mng'aro yaliyokuwa yakihama kila nilipohama, alama ya mashine ya polishi iliyopitishwa kwa haraka na mtu aliyetaka kuficha kitu. Niliporudi, nilioneshwa sahihi yangu.

Unachokikagua ni kitu chembamba sana

Bodi ya gari huchovywa kwanza katika praima inayoshikishwa kwenye bati kwa umeme, na kazi ya praima hiyo ni kuzuia kutu. Juu yake hupakwa praima ya pili inayosawazisha uso, kisha rangi yenyewe, kisha klia, yaani lile tabaka angavu la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalobeba mng'aro na ndilo linalopambana na jua, mvua na kitambaa cha kufutia. Katika magari mengi yanayotoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja yana unene wa takriban maikroni 90 hadi 150, na magari mengi ya Kijapani huwa karibu na kiwango cha chini. Maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja, kwa hiyo kinga nzima ya bati lako haizidi sana unene wa unywele mmoja au miwili. Klia peke yake ni kama maikroni 35 hadi 50, na kila mashine ya polishi inapopita huichukua sehemu yake, ndogo ikiwa fundi ni mwangalifu na kubwa ikiwa ana haraka. Gari jipya lililopigwa polishi mara mbili yadini limekwisha kutumia sehemu ya akiba iliyopaswa kukutosha miaka kumi.

Jambo la pili la kulielewa ni joto. Kiwandani bodi huingia katika tanuri ikiwa tupu, haina kiti, waya wala tairi, na kwa sababu hiyo praima ya kwanza huweza kuokwa kwa nyuzi 160 hadi 180 na klia kwa nyuzi 140 hivi. Fundi rangi wa mjini, hata awe hodari kiasi gani na awe na chumba cha kisasa cha kupigia rangi, analipokea gari lililokwisha kukamilika. Akivuka sana nyuzi 60 au 80 ataharibu plastiki na vifaa vya umeme, hivyo rangi yake hutegemea hadina, yaani dawa inayochanganywa na rangi, ili igande. Rangi ya namna hiyo yaweza kupendeza na kudumu, lakini si ile iliyotoka kiwandani, na haiwezi kuwa. Kila uamuzi utakaoufanya siku ya ukaguzi, wa kukubali kasoro, kudai irekebishwe au kulikataa gari, unarudi kwenye tofauti hiyo.

Maandalizi ya kabla ya siku yenyewe

Siku tatu au nne kabla ya makabidhiano, mwandikie muuzaji, kwa baruapepe au kwa ujumbe wa simu unaoweza kuuhifadhi, kwamba hutaki gari lako lipigwe polishi wala kupakwa nta, na kwamba usafishaji wowote ufanyike kwa namna mtakayokubaliana. Ombi hili huwashangaza baadhi ya wauzaji, kwa kuwa wao huiona polishi kama zawadi. Mwongoze muuzaji kwa upole: polishi na nta hujaza mikwaruzo na kuificha kwa wiki chache tu, na nyingi ya mikwaruzo ya duara inayoonekana kwenye magari mapya haikutoka kiwandani bali kwa mwosha magari wa yadi, mwenye ndoo moja ya maji na tambara moja ambalo asubuhi hiyohiyo limefuta magari sita. Punje ya mchanga iliyonasa katika tambara hilo ni msasa.

Hata hivyo, gari chafu halikaguliki. Makubaliano yanayofaa ni gari lisuuzwe kwa maji mengi ya mpira ili vumbi litoke bila kuguswa, lioshwe kwa sabuni ya magari na kitambaa safi cha maikrofaiba, kisha likaushwe kwa taulo laini, ikiwezekana wewe ukiwepo. Magari mengine hufika yakiwa yamebandikwa karatasi nyeupe ya kinga juu ya boneti, paa na buti. Omba ibanduliwe mbele yako, maana kingo zake huacha mistari ya gundi, na pale ambapo hewa au maji yalinaswa chini yake kwa wiki kadhaa za jua la yadi hubaki doa lenye umbo la povu ambalo halitoki kwa kufutwa.

Panga kufika saa mbili asubuhi, au saa kumi jioni wakati jua limeanza kulala. Jua la adhuhuri halifai: bati hupata moto, mng'aro hukupiga machoni, na baada ya robo saa utakuwa unatamani kumaliza tu. Mvua haifai kabisa, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo na kuufanya uso wowote uonekane kama kioo, ikinyesha, ahirisha. Chukua tochi yenye mwanga mweupe mkali, utepe wa karatasi unaobanduka bila kuacha gundi, kitambaa safi cha maikrofaiba, jozi ya glavu nyembamba za plastiki, simu yenye chaji, na mtu mmoja mwenye macho mazuri ambaye hanunui gari hilo. Mtu huyo ni muhimu kuliko tochi. Vua pete na saa, na kama umevaa mkanda wenye kifungo kikubwa, uvue pia, maana nimeona mnunuzi akiinama juu ya fenda kutafuta mikwaruzo na kuacha wake.

Kuzunguka gari

Usianze kwa kulikaribia. Simama hatua nne au tano kutoka pembe ya mbele, gari likiwa kivulini na mwanga wa anga ukilifikia pande zote, ulitazame kama kitu kimoja, kisha uende pembe nyingine hadi utimize zote nne. Kwa umbali huo unatafuta tofauti ya rangi kati ya kipande na kipande. Mabampa ni ya plastiki na mara nyingi hupakwa rangi mbali na bodi, kwa hiyo tofauti ndogo sana kati ya bampa na fenda ni jambo la kawaida, hasa katika rangi za fedha na metaliki nyingine ambazo chembe zake hulala tofauti kila zinapopulizwa. Tofauti kati ya mlango na mlango, au kati ya fenda ya kushoto na ya kulia, si jambo la kawaida. Ukiiona, weka utepe hapo na uendelee. Nyeupe ya lulu inahitaji jicho kali kuliko rangi zote, kwa kuwa ina matabaka matatu, yaani nyeupe, lulu na klia, na fundi akikosea unene wa lulu kipande kitaonekana cha manjano ukikitazama kwa upande. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibandiko cha gari. Katika Toyota itafute karibu na herufi C/TR, ambapo 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 nyeupe ya lulu na 202 nyeusi. Inakili kwenye daftari lako, kwa kuwa ndiyo utakayomtajia fundi yeyote hapo baadaye.

Sasa chuchumaa kwenye pembe ya nyuma, jicho likiwa usawa wa vitasa vya milango, na utazame ubavu wote hadi taa ya mbele. Tafuta kitu kilichonyooka kinachojitokeza katika rangi, kama vile waya wa umeme, ukingo wa paa la jengo au fremu ya mlango wa duka, kisha usogeze kichwa polepole ili mstari huo utembee juu ya bati. Unapaswa kupinda pale tu umbo la gari linapopinda. Ukitetemeka mahali pamoja na kunyooka tena, hapo pana mbonyeo, na mbonyeo wa namna hiyo, usiozidi ukucha wa kidole gumba, hutokea mno wakati magari yanapoegeshwa karibukaribu melini na yadini. Mtazamo huohuo ndio unaoonesha uso wa ganda la chungwa, yale mawimbi madogo yanayofanya taswira ya waya iwe na kingo zinazochezacheza. Kila gari la kiwandani lina kiasi chake, na magari ya bei ya kawaida yana zaidi. Usilalamikie ganda la chungwa lililoenea gari zima kwa kiwango kimoja. Lalamika likiwa kali kwenye kipande kimoja na laini kwenye jirani yake, au kipande kimoja kikiwa laini kama kioo wakati vingine vina mawimbi, kwa sababu hicho kimesuguliwa au kimepigwa rangi upya.

Baada ya hapo ndipo ulikaribie gari na uanze kwenda kipande kwa kipande. Mimi huanza fenda ya mbele upande wa dereva na kuzunguka hadi nirudi nilipoanza, paa likiwa la mwisho, lakini utaratibu wowote unafaa ilimradi usiruke kitu. Shika tochi karibu na bati, mwanga ukienda kwa mlalo, si kwa kuchomeka moja kwa moja, kwa maana mwanga wa mlalo hukipa kila kidoa kivuli chake. Utakutana na punje za vumbi zilizonaswa chini ya klia, ambazo huhisiwa na kidole kama chembe ya chumvi. Utakutana pia na michirizi, mahali rangi ilipopulizwa nyingi ikatiririka kama chozi kabla ya kukauka, na mara nyingi hukaa sehemu ya chini ya milango na pembezoni mwa vitasa, ambapo hakuna anayetazama. Vishimo vya duara mfano wa jicho la samaki hutokana na tone la mafuta au silikoni lililoikataa rangi. Vitundu vingi vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano hutokana na thina iliyonaswa ndani baada ya uso kukauka mapema. Vishimo na vitundu haviondoki kwa polishi, wala fundi asikushawishi vinginevyo.

Mikwaruzo inahitaji mwanga wa nukta moja, yaani jua lenyewe au tochi, na huonekana kuizunguka taswira ya mwanga huo. Mikwaruzo ya duara, mfano wa utando wa buibui, ni ya kuosha. Mawingu yenye mng'aro wa upinde wa mvua yanayotembea pamoja nawe ni ya mashine ya polishi. Mikwaruzo mifupi iliyonyooka na kusongamana mahali padogo ni ya msasa, na maana yake ni kwamba hapo palikuwa na kasoro, mtu akaisugua, kisha hakumaliza kazi. Magari meusi yatakuonesha haya yote bila kuulizwa. Kwenye jeupe unapaswa kuvumilia, na wanunuzi wengi wa magari meupe hujiona wana bahati kwa sababu hawakutazama kwa muda wa kutosha.

Paa huachwa na karibu kila mtu, nalo ndilo lililolala wazi tangu gari liliposhuka melini. Omba kiti au ngazi fupi. Huku Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, hatari yake ina mabawa: kunguru wa India, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na hawajaondoka tangu hapo. Kinyesi cha ndege kilichokauka juani huila klia na kuacha doa lililofifia lenye kingo, ambalo hubaki hata baada ya kuoshwa. Doa hafifu hutoka kwa polishi. Lililozama, ambalo ukucha unalihisi, halitoki.

Uso wa bati ukishakauka, pitisha mkono wenye glavu nyembamba juu ya boneti, paa na buti bila kubana. Ushauri wa zamani ulikuwa kutia mkono katika mfuko mwepesi wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na glavu, au hata karatasi laini ya kufungia mkate, hufanya kazi ileile: huondoa msuguano wa ngozi na kukufanya uhisi chembe ambazo kidole kitupu hakizioni. Uso ukiwa kama umenyunyiziwa sukari, tazama kwa karibu. Vidoa vya rangi ya machungwa, hasa juu ya rangi nyeupe, ni vipunje vya chuma vinavyotoka relini, bandarini na kwenye breki, vikatua juu ya klia na kuanza kupata kutu. Hutolewa kwa dawa inayoyeyusha chuma na kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, kamwe si kwa kukwangua. Vitone vinavyofanana na rangi ya gari, vikiwa juu ya kioo, taa au mpira, ni habari nyingine: kuna mtu aliyepuliza rangi karibu na gari lako, na huenda aliipuliza juu ya gari lenyewe.

Fungua kila kinachofunguka. Kwenye vizingiti vya milango, ndani ya kifuniko cha tangi, chini ya boneti na kwenye mifereji ya buti ndiko fundi wa kuficha hujisahau. Inua mpira wa mlango kwa kidole uone kama pana mstari wa utepe, yaani ngazi ndogo ambapo rangi mpya iliishia. Tazama boliti zinazoshika fenda na bawaba za milango. Za kiwandani mara nyingi zimepakwa pamoja na bodi na rangi ya vichwa vyake haina alama ya spana. Boliti zilizochubuka kwenye fenda ya gari lenye kilomita 12 zinastahili maelezo. Rangi ya ndani ya vizingiti huwa hafifu na isiyong'aa kama ya nje, nayo ni kawaida, ilimradi bati halionekani na ile gundi nene ya kuzibia maungio haijakatika.

Kipimo cha unene

Kifaa cha kupimia unene wa rangi kimeanza kuwa cha kawaida kwa madalali na mafundi, na ukiweza kukiazima kwa siku moja, fanya hivyo. Hakikisha kinasoma chuma na aluminiamu, kwa kuwa baadhi ya magari yana boneti ya aluminiamu, na elewa kwamba juu ya bampa la plastiki vifaa vingi vya namna hii havitasema lolote. Pima mahali patano katika kila kipande, mbali na kingo, na ulinganishe kushoto na kulia. Namba zenyewe si muhimu kama mfanano wake: gari ambalo vipande vyote vinasoma 95 hadi 120 liko sawa, na gari ambalo vyote vinasoma 140 hadi 160 liko sawa pia. Mlango mmoja ukisoma 230 wakati majirani zake wanasoma 110, umepigwa rangi mara ya pili, na kama usomaji umevuka 500 au kufika elfu, chini yake pana puti, ile dawa nzito ya kujazia mabonyeo, na palikuwa na jeraha. Namba ndogo mno nayo inasema kitu. Mahali panaposoma 70 katikati ya kipande kinachosoma 110 pamesuguliwa, na klia iliyobaki hapo ni ya kuhurumiwa.

Asiye na kifaa atumie sumaku laini, ile nyembamba ya kubandika kwenye friji, akiifunga kwa kitambaa. Kwenye bati la chuma itashika kwa nguvu moja kila mahali na kulegea palipo na puti nene. Haitatambua rangi ya pili iliyopigwa vizuri.

Ukishaona, uamue nini?

Hapa ndipo wanunuzi waangalifu hukosea kuliko wazembe. Mtu aliyebandika utepe mara kumi na saba hujisikia ana ushindi, na hutaka kila utepe uondolewe kwa kazi. Lakini punje moja ya vumbi chini ya klia, kwenye sehemu ya chini ya mlango, ni kasoro isiyoliza na isiyoota kutu. Kuiondoa ni kusugua kwa msasa na kupiga polishi, na ikishindikana ni kupiga rangi mlango mzima, kisha kuichanganya rangi hiyo na fenda na mlango wa jirani ili zifanane. Umeuza rangi iliyookwa kwa nyuzi 140 ukanunua ya hadina, kwa sababu ya chembe ambayo usingeiona tena baada ya wiki mbili. Ningeiacha, na ningeiandika kwenye hati.

Mikwaruzo ya kuosha na mawingu ya mashine huondoka kwa polishi ya mtu anayejua kazi. Usikubali ifanywe na walewale walioitia. Dai fundi mwenye utaalamu huo kwa gharama ya muuzaji, au punguzo la fedha ili ukaifanye mwenyewe kwa unayemwamini. Mimi hupendelea fedha. Kwa mkwaruzo mmoja mmoja, pitisha ukucha juu yake kwa upole: ukiteleza bila kukwama, kuna matumaini, ukikwama, umeingia ndani kuliko klia inavyoweza kutolewa kwa usalama. Mbonyeo ambao haukuvunja rangi usipelekwe kwa fundi wa puti hata kidogo. Wapo mafundi wanaousukuma kutoka ndani kwa vyuma virefu bila kugusa rangi, na kazi yao ikiwa nzuri, kifaa cha kupimia hakitaona tofauti.

Rangi iliyotoboka hadi kwenye bati ni lazima irekebishwe, kwa sababu unyevu wenye chumvi wa Pwani hausubiri. Kipande kilichopigwa rangi upya bila wewe kuambiwa ni suala la kipekee, na hapo silaumu mtu anayeomba gari jingine. Gari huweza kuumia njiani, na marekebisho mazuri si dhambi, ila bei ya gari lisiloguswa hailipwi kwa gari lililoguswa. Uliza kwa maandishi nini kilitokea, nani alifanya kazi hiyo, na kama dhamana ya rangi na ya kutu bado inakihusu kipande hicho. Mwenye jibu safi hujibu upesi.

Gari lililotumika kutoka Japani

Wengi wetu tunaposema gari jipya tuna maana ya gari lililotumika Japani na kushuka kwenye meli jana, na jipya hasa tunaliita ziro kilomita. Ukaguzi ni uleule, ila matarajio hubadilika na karatasi ya mnada huingia, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari iliyoandikwa lilipouzwa mnadani Japani. Katika mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo, A pamoja na namba ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni wimbi lililoachwa na marekebisho, na XX ni kipande kilichobadilishwa; namba ikipanda, ukubwa wa kasoro umepanda. Daraja la R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Nenda na nakala ya mchoro huo bandarini au yadini na uhakiki kila alama, kisha utafute zisizokuwemo, kwani karatasi inaeleza hali ya gari siku ya mnada, kabla halijaendeshwa hadi bandarini, kuingizwa melini, kufungwa kwa mikanda na kutolewa na madereva tofauti. Pembe za mabampa, vioo vya pembeni na kingo za milango ndizo hulipa gharama ya safari hiyo. Pale mchoro usipokuwa na W na kifaa kikasoma 300, huenda kipande kimepigwa rangi baada ya mnada, na aliyekuuzia ndiye wa kuulizwa.

Maandishi

Kila mahali ulipobandika utepe, piga picha mbili: moja ya mbali inayoonesha ni kipande gani, na nyingine ya karibu, tochi ikiwa mlalo na kidole au sarafu ikiwa kando ili ukubwa ueleweke. Kisha andika kasoro hizo kwenye hati ya makabidhiano yenyewe, juu ya sahihi zenu, kwa maneno yasiyopindika: "Mlango wa nyuma kushoto, mchirizi wa sentimita 3 chini ya kitasa, muuzaji atarekebisha kwa gharama yake kabla ya tarehe fulani." Ahadi ya mdomo ya meneja ni ya meneja huyo, na mameneja huhamishwa. Hati ikiwa imechapwa bila nafasi ya maoni, andika pembeni, au mwandike karatasi ya pili na muitaje katika ya kwanza, na usiondoke bila nakala yenye sahihi ya pande zote mbili.

Weka pia kijitabu cha dhamana mahali utakapokiona tena, kwa kuwa zipo kasoro ambazo hakuna tochi inayoweza kuzifichua siku ya kwanza. Nchini Marekani, Toyota ililazimika kuongeza muda wa dhamana ya rangi kwa baadhi ya magari yenye nyeupe za namba 040 na 070, baada ya jua kudhoofisha mshikamano wa matabaka hadi rangi ikawa inabanduka kwa vipande. Magari hayo yalikuwa safi siku ya makabidhiano.

Kama mmekubaliana gari libaki kwa marekebisho, usiyapokee kwa simu. Rudi saa ileile ya asubuhi, na tochi ileile, na uanze na kipande kilichofanyiwa kazi pamoja na majirani zake wawili, kisha uzunguke gari zima upya. Gari lililokaa wiki moja katika karakana ya rangi limeegeshwa karibu na magari mengine yanayopulizwa, limeoshwa tena, na limepigwa polishi tena na mtu ambaye hakuwahi kusoma ujumbe wako.